Salamat ya Mfilipino na salama yetu

Barua yako, ndugu yangu, umeianza kwa "Assalaam aleikum". Waaleikum salaam. Neno hilo liweke karibu, tutalirudia.

Kwa faida ya wasomaji wengine, swali ni hili. Ndugu yetu ni mtu wa Mombasa, anafanya kazi ya ulinzi Doha. Katika zamu yake wamo Wafilipino wanne: wa Manila, wa Cebu, wa Iloilo na wa Pampanga. Kila mmoja ana lugha yake ya nyumbani, na wakitaka kuelewana wenyewe kwa wenyewe hutumia Kitagalogi, lugha ya Manila, au Kiingereza. Lakini ukimpa yeyote kati yao chupa ya maji, atakwambia "salamat", yaani asante. Wa Manila anashikilia kwamba neno hilo ni la mababu zao, na ushahidi wake ni kuwa wote wanne wanalo ingawa lugha zao ni mbalimbali. Msimamizi wao, Mwarabu, anasema ni neno lake. Ndugu yetu naye anasikia "salama" ya kwetu. Anauliza: mwenye neno ni nani, na imekuwaje salama ikageuka asante?

Nianze na hoja ya huyo wa Manila, maana ndiyo hoja ya watu wengi. Neno likiwa katika lugha nyingi za nchi moja, mtu huona ni la asili. Tulitazame jambo hilo kwetu kwanza. Sukari iko katika Kiswahili, Kikuyu wanasema cukari, Waganda sukaali, na Wajaluo, ambao lugha yao si ya Kibantu kabisa, nao wanasema sukari. Hakuna anayedai neno hilo lilitoka kwa babu mmoja wa Mkikuyu na Mjaluo. Lilipita njia na mzigo wenyewe. Kuenea kwa neno kunatuambia kwamba limesafiri sana. Kama limerithiwa au limeazimwa, hilo tunalipima kwa njia nyingine.

Lugha za Ufilipino ni ndugu kweli. Zimo katika ukoo mkubwa wa Kiaustronesia, ulioenea kutoka Taiwan hadi visiwa vya Pasifiki upande mmoja, na hadi Bukini, yaani Madagaska, upande wa pili. Na maneno ya urithi katika ukoo huo yana alama zake. Chukua neno la "-pya". Mtagalogi anasema bago, Msebuano bag-o, Mwilokano baro, Mpangasinani balo, Mkapampangani bayu, Mmalei baru, na Mmalagasi vao. Pale katikati palikuwa na sauti moja ya kale, na kila tawi limeipeleka kwake: huku g, huku r, huku l, huku y, na Bukini imepotea. Mabadiliko haya hayaji ovyo. Palepale Mtagalogi anapoweka g, ndipo Mwilokano anapoweka r, neno baada ya neno. Ni kama sisi tunaposema tatu na Mganda akasema ssatu. Neno la urithi lina kovu la njia lililopitia.

Salamat haina kovu. Kwa haki, sauti zake, s na l na m na t, si zile zinazobadilika sana katika lugha hizo, kwa hiyo sitaihukumu kwa hilo peke yake. Mbingu ni langit kwa Mtagalogi, kwa Msebuano na kwa Mwilokano, na ni neno la urithi bila shaka. Lakini tazama umbo. Mizizi ya lugha hizi kwa kawaida ni ya silabi mbili: bato (jiwe), mata (jicho), langit, bago, lima (tano). Sa-la-mat ina silabi tatu, na ukiikata huku na huku hupati kiambishi wala mzizi mdogo uliobaki wenye maana inayohusika. Imesimama peke yake, bila ndugu wala jamaa. Kwa Kiarabu, kinyume chake, imezungukwa na jamaa: salaam, Islamu, Mwislamu, Salim, Salma, wote wa mzizi mmoja wa s-l-m, mzizi wa uzima na amani. Hapo ndipo ile salamu uliyoanzia barua yako inapoingia. Neno lenye ukoo mzima nyumba moja na lisilo na hata binamu nyumba ya pili, wenyewe wanajulikana.

Tena sikiliza wenzako wanaposhukuru kwa kurefusha. Wa Manila husema *maraming salamat*. Wa Cebu, *daghang salamat*. Wa Iloilo, *madamo nga salamat*. Wa Pampanga, *dakal a salamat*. Zote maana yake ni "asante nyingi". Neno la "nyingi" ni la nyumbani, kwa hiyo karibu kila mmoja ana lake: marami, daghan, madamo, dakal. Neno la "asante" ni la njiani, kwa hiyo ni lilelile. Mwambie huyo wa Manila asikilize hayo manne kwa mfululizo, nadhani sikio lake litampa jibu kabla yangu.

Kwa hiyo msimamizi wenu ana haki kuhusu mzizi. Lakini akisema Wafilipino wamelitwaa kwake moja kwa moja, hapo nampinga, na ushahidi wangu ni herufi moja: ile t ya mwisho.

Kama ulisoma chuo cha Kurani, unaikumbuka ta marbuta, ile ha yenye nukta mbili juu. Mwalimu wa tajwidi alikufundisha kwamba ukisimama juu yake inasomeka h, ukiunganisha na neno linalofuata inasomeka t. Salama kwa Kiarabu inaishia na herufi hiyo. Sisi wa pwani tulilipokea neno kutoka midomo ya Waarabu wanaozungumza, tukalisikia lilivyo mtu anaposimama: salama. Waajemi walilichukua na t yake, salamat, na Waislamu wa Bara Hindi wakalipata hivyohivyo. Hadi leo Mpakistani akisema kitu kiko salama anasema *salamat*. Wamalei nao wakasema *selamat*.

Si neno hili tu. Ukiweka Kiswahili na Kimalei ubavu kwa ubavu utaona mpangilio ule ule mara nyingi. Sisi hekima, wao *hikmat*. Sisi baraka, wao *berkat*. Neema, *nikmat*. Sifa, *sifat*. Raia, *rakyat*. Dola, *daulat*. Hakika, *hakikat*. Hata ada, tunayolipa shuleni, kwa Mmalei ni *adat*, mila na desturi. Mimi hupenda sana kuwaonyesha wanafunzi orodha hii, kwa sababu bahari nzima ya Hindi inaonekana ndani yake: Uislamu mmoja, Kiarabu kimoja, lakini milango miwili. Kwetu maneno yaliingia kwa mlango wa Hadhramaut na Omani. Kwao mengi yaliingia yakiwa tayari yamekaa Uajemi na Gujarati, yakapata mkia wa t, ndipo yakavuka.

Mfilipino ana t. Basi kalipata kwa Mmalei.

Na kuna shahidi mwingine ninayempenda kuliko wote, naye yuko karibu na kwenu. Wamalagasi ni ndugu wa damu wa Wafilipino kwa lugha. Jiwe kwa Mtagalogi ni bato, kwa Mmalagasi ni vato. Mbingu ni langit, kwa Mmalagasi lanitra. Mababu zao walitoka upande wa Borneo, wakavuka bahari kabla Uislamu haujashika visiwa vile. Lau salamat ingekuwa neno la mababu, mtu angetarajia kuikuta Bukini ikiwa asante. Hakuna, Mmalagasi akishukuru husema *misaotra*. Lakini akikusalimu anaweza kukwambia nini? *Salama!* Bila t. Ndugu mmoja alilipata neno mashariki na mkia wake, mwingine akalipata magharibi, upande wetu wa bahari, bila mkia.

Jambo jingine dogo hapohapo. Watagalogi wa zamani walikuwa na maandishi yao, baybayin, ambayo kwa asili hayakuwa na namna ya kuandika konsonanti inayofunga silabi. Mtu wa wakati huo akiandika salamat angeweka alama tatu: sa, la, ma. Angetamka salamat, lakini karatasi ingesema salama.

Kimalei kilifikaje huko? Kilifika mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1989, huko Laguna, kusini-mashariki ya Manila, lilipatikana bamba la shaba lenye maandishi ya mwaka 900. Lugha yake kubwa ni Kimalei cha kale, na habari yake ni hati ya kusamehewa deni la dhahabu. Miaka 621 baadaye Magellan, nahodha aliyetumwa na Hispania, alipofika visiwa hivyo, alikuwa na mtumwa, Enrique, aliyemchukua Malaka, bandari kubwa ya Wamalei. Enrique akasema na wenyeji kwa Kimalei, na mfalme wao akamwelewa. Maana yake Kimalei kilikuwa lugha ya bandari, kama Kiswahili kilivyokuwa kwenye njia za misafara hadi Ujiji: si lugha ya mama ya wote, lakini mwenye kuuza na kununua anaijua.

Dini ilifuata njia hiyohiyo. Karibu na Jolo, katika visiwa vya Sulu, kuna kaburi la Mwislamu lenye tarehe ya mwaka 710 wa Hijria, yaani 1310. Manila yenyewe, Wahispania walipoitwaa mwaka 1571, ilikuwa na mtawala aitwaye Rajah Sulayman, wa ukoo uliofungamana na masultani wa Brunei. Jina kamili la Brunei ni Negara Brunei Darussalam. Wewe mtu wa Mombasa umepita Dar es Salaam mara ngapi? Sultani Majid wa Zanzibar alipouita mji wake mpya hivyo katika miaka ya 1860, lilikuwa jina lilelile, nyumba ya amani.

Na kama unataka kujua watu wetu na watu wao waliwahi kukutana wapi, Mreno Tomé Pires alikaa Malaka kuanzia mwaka 1512 hadi 1515, akaandika orodha ya wafanyabiashara waliofika bandarini. Ndani ya orodha hiyo wamo watu wa Kilwa na Malindi, na wamo pia watu wa Luzon, kisiwa cha Manila. Kwa hesabu yake lugha 84 zilisikika pale. Ninapofikiri mtu wa Kilwa na mtu wa Luzon wamesimama kwenye gati moja, mmoja akisema salama na mwingine salamat, wala hakuna aliyeshangaa, naona zamu yenu ya Doha si jambo jipya.

Sasa sehemu ya pili ya swali lako, ambayo kwangu ndiyo tamu zaidi: maana.

Kwa Mwarabu salama ni uzima na kukosa madhara. Hapo Doha bila shaka umesikia mgonjwa akiambiwa *salamtak*. Kwa Mmalei *selamat* ni hivyo pia, lakini imekuwa neno la kutakia heri: *selamat pagi* asubuhi, *selamat jalan* kwa anayesafiri, *selamat datang* kwa anayekuja. Wajava wana karamu ya dua iitwayo *slametan*, majirani hukaa pamoja wakala ili watu na nyumba wasipatwe na baya. Lakini Mmalei hashukuru kwa neno hilo. Asante yake ni *terima kasih*, kana kwamba anasema "pokea upendo". Hivyo asante ndani ya salamat haikutoka Uarabuni wala Umalei. Ni kazi ya Wafilipino wenyewe, na hapo yule wa Manila anapata haki yake.

Tena wameigeuza kabisa. Mtagalogi akitaka kusema "salama" kwa maana yetu, hutumia neno jingine, *ligtas*. Anaweza kumwambia ndugu yake aliyenusurika na kimbunga, *Salamat at ligtas ka*: shukrani kwamba uko salama. Mwarabu angeona neno lake limewekwa mahali pasipo pake, na palipo pake pamekaliwa na mgeni.

Geuko hili mimi naliona hivi. Katika visiwa hivyo, kupokea kitu na kumwombea aliyekupa vilikuwa jambo moja. Na bado viko hivyo. Mwilokano ana shukrani isemayo *Dios ti agngina*, Mungu ndiye atakayelipa. Kule Bicol husema *Dios mabalos*, Mungu akurudishie. Ni kama bibi yako anavyopokea kanga uliyomletea: hasemi asante, anasema "Mwenyezi Mungu akuzidishie mwanangu". Dua yenyewe ndiyo shukrani. Basi mfikirie mtu wa bandarini anayepokea mzigo wake kutoka kwa Mmalei, wanaagana, neno la mwisho ni kutakiana salamat. Neno linalosemwa kila mara wakati mkono unapopokea, baada ya vizazi viwili vitatu, mtoto anayekua hasikii tena "uwe salama" ndani yake. Anasikia kupokea. Anasikia asante.

Kama unaona hilo ni gumu kuamini, tazama neno letu. Asante si shukrani kwa asili yake. Ni Kiarabu *ahsanta*, "umefanya vyema", ndiyo maana wazee na vitabu vya zamani waliandika ahsante. Mwarabu akitaka kushukuru anasema shukran. Sisi tulichukua sifa anayopewa mtu aliyetenda wema, tukaifanya shukrani, na tukaipa hata wingi wa kwetu, asanteni. Mfilipino alichukua dua, sisi tukachukua sifa, sote kutoka duka moja, na sote tukashona nguo ambayo muuzaji hakuikusudia.

Nisiache nikaonekana nasema hawakuwa na shukrani hadi neno lilipokuja. Kitagalogi kina *utang na loob*, deni la ndani, fadhila uliyotendewa ambayo moyo haukusamehei kuisahau. *Utang* ni neno la kale, Wamalei wanalo pia, *hutang*. Muulize mwenzako wa Manila akueleze. Utamsikia akizungumza kwa sauti nyingine. Salamat unaweza kuitoa kwa chupa ya maji. Utang na loob ni ya aliyekusomeshea mtoto.

Umeniuliza pia kama maneno mengine unayoyasikia kwao ni ya kwetu. Baadhi ni jamaa kweli: *hukom* kwa Mtagalogi ni hakimu, na *akala*, dhana, ina damu moja na akili. *Mesa* ni meza, ila wao waliipata kwa Mhispania na sisi kwa Mreno. Lakini jihadhari na yanayofanana kwa bahati tu. Akikwambia ana *bata* wawili nyumbani, hafugi. Anakutajia watoto wake. Na hata wao kwa wao hutegana: *langgam* kwa yule wa Manila ni sisimizi, kwa wa Cebu ni ndege.

Mwisho, kutoka kila pembe ya nchi yao usitarajie salamat peke yake. Akija mlinzi mpya kutoka Jolo, Mtausugi na Mwislamu, huenda ukampa maji akakujibu *magsukul*. Ondoa *mag-*, ambacho ni kiambishi cha kwao. Iliyobaki, sukul, itamke polepole, geuza s yake iwe sh na l yake iwe r, nawe utaijua bila kuambiwa.